Wifi yangu kaona zawadi yake naiuza mtandaoni

Shikamoo Dada,

Natumai u mzima, mimi mzima ila kichwa kinagonga, na barua yenyewe itakuwa ndefu naomba univumilie.

Iko hivi. Mimi ni mtu wa kununua, nakubali wala sijifichi. Kwa miaka kama sita hivi nimenunua nguo utafikiri nataka kufungua duka, nyingine nimevaa mara moja, nyingine mpaka leo zina lebo zinaning'inia, halafu kwenye pafyumu ndo usiseme kabisa, juzi nimehesabu nikakuta chupa kumi na saba, kuna zilizofika nusu na kuna nilizopuliza mara mbili tu nikaona hii hapana. Mwaka huu ulivyoanza nikasema basi, nauza vyote, kabati lipumue na mimi nipate chochote. Nikajiunga masoko matatu ya mtandaoni kwa mpigo, nikaposti vitu arobaini siku moja, nikakaa na simu mkononi nasubiri hela.

Hela gani Dada. Meseji zinaingia kweli, "bado ipo?", namjibu ipo, kimya. Mwingine "bei ya mwisho?", namtajia, kimya. Mwingine kataka nimtumie picha nikiwa nimeivaa na ni nguo ya kulalia, huyo nikamblok hapo hapo. Miezi minne nimeuza vitu vitano. Na bei sijaweka mbaya, nimepunguza robo ya ile niliyonunulia, maana vitu vyangu ni vizuri na vingine kama nilivyosema sijavaa.

Halafu yakaanza makubwa. Dada mmoja kanunua pafyumu yangu, baada ya wiki analalamika kwenye soko kwamba ni feki, soko likamrudishia hela yake na yeye akanirudishia chupa. Nilinunua mwenyewe dukani ila risiti sina. Na chupa iliyorudi Dada naapa siyo yangu! Yangu kifuniko kilikuwa na alama nilikiangusha bafuni, hiki ni kizima. Hajapita muda akaja kaka mwingine, ati ameshalipa, kanitumia linki nijaze namba za kadi ili hela iingie. Nimeanza kujaza, binti yangu akaninyang'anya simu.

Na sasa la wifi. Miaka miwili nyuma alinipa pafyumu kwenye siku yangu ya kuzaliwa, nzuri ila nzito, nikiivaa kichwa kinaniuma. Nikaiposti na boksi lake. Nilisahau kwamba Facebook wanaoniona ni wale wale wanaonijua. Wifi kanitumia skrinshoti. Hakuandika neno, skrinshoti tupu. Leo siku ya tisa na mimi sijajibu, baba watoto anasema malizaneni wenyewe mimi simo, tena yeye kinachomkera ni mabegi, anasema sebule imegeuka stoo.

La mwisho, wiki hii mtu kanunua koti langu la sufu, naona hela imeandikwa kwenye akaunti lakini haitoki, na mimi sijatuma koti, naogopa. Je, nishushe bei? Pafyumu zilizofunguliwa zinauzika kweli au nitupe? Kuna moja imebadilika rangi na moja ni testa. Na wifi nimwambie nini?

Aliyezidiwa na Kabati

---

Marahaba mdogo wangu, na mpe binti yako zawadi, ila usimpe pafyumu.

Tuanze na hiyo linki kabla ya nguo. Umesema ulianza kujaza. Kama namba za kadi zilishaingia, hata kama hukubonyeza kutuma, piga simu benki leo wafunge hiyo kadi wakupe nyingine, usiseme nitaangalia angalia kwanza. Na ulishike hili: mtu anayekulipa hahitaji zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi yako, wala ile namba ya siri inayoingia kwenye simu, wala kujua salio lako. Hizo zinatumika kutoa hela, hazitumiki kupokea. Wenzake yule kaka wana mbinu nyingine, kuna wa skrinshoti ya malipo ambayo kaitengeneza mwenyewe, na kuna wa "nimekosea nimelipa zaidi nirudishie chenji", unamrudishia hela yako halisi halafu yale malipo yake hayakuwepo tangu mwanzo. Dawa yao wote ni moja. Hela unaiangalia ndani ya akaunti yako, umeingia mwenyewe kwa kufungua programu, siyo kwa linki uliyotumiwa na mtu. Na ukiona mtu anaharakisha mhame soko mkaongee pembeni, mwache aende, kwa sababu mkishatoka nje lile soko halikulindi tena.

Sasa bei. Hapa nitakuudhi kidogo. Umepunguza robo, yaani anayetaka nguo yako alipe robo tatu ya bei ya dukani, na dukani angeijaribu, angepewa risiti na angebadilishiwa ikimbana. Kwako anapata picha na ahadi. Mdogo wangu ile bei siyo ya nguo, ni ya majuto yako, unataka mgeni akurudishie hela uliyoitumia vibaya miaka minne iliyopita na yeye hausiki. Hela ile ilishakwenda siku ile ile uliyotoka dukani. Angalia vitu vinauzwa kiasi gani kweli, na sisemi bei wanazoomba wenzako maana wengi wao wamekwama kama wewe, nasema bei zilizolipwa. eBay kwa mfano ina kichujio cha kuonyesha vilivyouzwa tu, ukikiweka utashtuka. Mimi nguo ya kawaida iliyovaliwa naanzia theluthi ya bei ya mpya au chini ya hapo, yenye lebo yake naanzia nusu, na hizi za kushonwa haraka haraka za poliesta ambazo hata mpya zinauzwa rahisi siziposti moja moja, nafunga fungu la tano sita za saizi moja naziondoa kwa pamoja. Koti, jinzi nzuri, ngozi, sufu, hizo ndo zina watu. Fulana, saa nzima unapiga picha za nini.

Na kama umeandika "bei njoo inboksi" kwenye tangazo lolote kati ya hayo arobaini, nenda kafute sasa hivi mimi nakusubiri hapa. Ndo kinachozaa hizo "bado ipo?" zote. Mtu hajui bei, hajui saizi, anaanza kupapasa, akichoka anaondoka.

Vitu arobaini kwa siku moja pia ni kosa, najua ulikuwa na hamu. Nina hakika picha za mwisho mwisho ulipigia kitandani usiku na fleshi. Rudia, vitano vitano. Picha ya mchana karibu na dirisha, bila filta, nguo imetundikwa au imelazwa juu ya shuka la rangi moja, mbele, nyuma, lebo ya saizi na ile lebo ndogo ya ndani inayosema ni pamba au nini na inafuliwa vipi. Usiandike saizi peke yake, 12 ya Uingereza ni kama 8 ya Marekani na bado kila brandi ina kumi na mbili yake. Chukua futi ya fundi, pima kwapa hadi kwapa nguo ikiwa imelazwa, kiuno, urefu, suruali pima na mguu wa ndani, andika kwa sentimita. Hicho tu kitakupunguzia nusu ya maswali, na hutarudishiwa vitu kwa sababu ya "imenibana".

Kasoro usifiche. Kifungo kimepotea, kuna doa, kitambaa kimeota vitonge, weka picha ya karibu na uitaje. Unajua kitu cha kwanza kuuzwa eBay mwaka 1995, enzi hizo ikiitwa AuctionWeb, kilikuwa kitochi cha leza cha kuonyeshea, kibovu? Kibovu kabisa, na mwenye nacho, Pierre Omidyar aliyeanzisha soko lenyewe, alisema wazi ni kibovu, akapatikana mtu anayekusanya vibovu. Kwahiyo usiogope kwamba kasoro itafukuza wateja, inafukuza wale ambao wangekurudishia. Lingine, fua na ukaushe vizuri, na usinipulizie pafyumu kwenye nguo ya kuuza ili inukie! Anayeifungua anafikiri unaficha harufu ya jasho au ya stoo, na mara nyingi anafikiri sawa.

Haya tuje kwenye pafyumu, hapa ndo penye utamu na ndo penye mashimo.

Zilizofunguliwa zinauzika, ndiyo, zina wapenzi wengi tu, lakini kwanza soma kanuni za hilo soko maana hazifanani, kuna yanayokubali chupa iliyotumika na kuna yasiyotaka kitu chochote cha mwilini kilichofunguliwa. Ukishajua inakubaliwa, piga picha ya chupa mbele ya dirisha mwanga upite katikati, kimo kionekane kimefika wapi. Andika ni mililita ngapi chupa nzima na zimebaki kama ngapi, andika ni eau de parfum, ile iliyokolea, au eau de toilette, ile nyepesi, maana ni vitu viwili tofauti na watu wananuna ukichanganya. Chini ya chupa kuna herufi na namba ndogo zimechapwa au zimechongwa, hiyo ni namba ya toleo la kiwandani, nyingine hiyo hiyo iko kwenye boksi, zinatakiwa zifanane. Zipige picha zote mbili. Siyo ushahidi kamili, wenye feki nao wananakili, lakini mnunuzi anayejua akiikosa hata hakuulizi, anapita. Na kwenye boksi au chupa nyingi utakuta kialama cha kopo lililofunguliwa na namba na herufi M, 24M au 36M, hiyo ni miezi ya kuitumia baada ya kufungua.

Hiyo iliyobadilika rangi usiitupe kwa kuiangalia, inuse. Pafyumu zenye vanila zinakuwa za kahawia zenyewe kadiri zinavyokaa, hiyo ni kawaida yake na wanaozijua hawajali. Lakini ukipuliza ikakukaribisha na ukali kama siki au kama kile kitu cha kufutia rangi ya kucha, na ule ubichi wa limau wa mwanzo umepotea, hiyo imekufa, iliuliwa na joto na mwanga, na kwa vile umesema kifuniko kilikuangukia bafuni basi nimeshajua ulikuwa unaziweka wapi. Bafuni ndo mahali pabaya kuliko pote. Zihamishe leo ziende kabatini gizani kwenye maboksi yake, hata zile unazosubiri kuuza. Iliyokufa usiuze wala usimgawie mtu.

Ila kabla hujaweka bei ya zile za zamani, soma kwenye boksi orodha ya viungo na utafute watu wanasemaje. Makampuni hubadilisha fomula, kuna viungo vinabanwa au kukatazwa, mfano Lilial ilikatazwa kwenye vipodozi Umoja wa Ulaya kuanzia Machi 2022, kwahiyo jina lile lile na chupa ile ile vinaweza vikawa na maji tofauti ndani, na kuna watu kazi yao ni kusaka la zamani. Chupa yako ya miaka sita inaweza ikawa na thamani kuliko mpya, au isiwe na thamani kabisa. Hutajua ukikisia.

Testa, hapo pana sheria kidogo. Zile chupa zimeandikwa si ya kuuzwa, kampuni inazipeleka dukani bure watu wanusie. Mwaka 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, kwenye kesi ya L'Oréal na eBay, ilisema kugawa testa kwa maduka hakuhesabiwi kwamba kampuni imeiingiza bidhaa hiyo sokoni, maana yake mwenye alama ya biashara ana nguvu ya kuzuia isiuzwe. Mimi nisingeiposti. Ivae mwenyewe, harufu ni ile ile.

Kutuma. Pafyumu sehemu kubwa ni alkoholi, na kwenye usafirishaji inahesabiwa kimiminika kinachoshika moto, ina mpaka namba yake ya hatari ya kimataifa, UN 1266. Posta ya kimataifa haipokei vimiminika vya hivyo, na kampuni za vifurushi nyingi zina masharti au zinakataa kabisa hasa kwa ndege. Najua utaniambia mbona mimi nasafiri nayo kwenye begi. Abiria ana ruhusa yake tofauti kwa vitu vyake vya mwilini, kila chupa isizidi nusu lita na jumla isizidi lita mbili, hiyo ruhusa kifurushi hakina. Kwahiyo usiandike "vipodozi" juu ya boksi ukajifanya hujui, muulize anayesafirisha, uza kwa watu wa nchi yako ambako inaweza kwenda kwa barabara, au muonane mchana mahali penye watu wengi. Ukifunga, kifuniko kigandishe kwa selotepu ili kibonyezeo kisijipulize, chupa ndani ya mfuko unaofungika, uizungushie nailoni ya vipovu, boksi gumu, isicheze hata ukilitikisa.

Yule dada wa feki. Kama soko bado linapokea rufaa peleka picha zako za mwanzo, yale matangazo bado unayo, kifuniko chenye alama kionekane kando ya hiki kizima kilichorudi. Ukishinda vizuri, usiposhinda ndo imekwenda, mchezo wa kubadilisha chupa upo na ni wa siku nyingi. Kuanzia sasa kabla ya kufunga kifurushi chochote cha maana rekodi video fupi bila kukata, namba ya toleo, kimo, alama yoyote ya pekee, mpaka boksi linafungwa na anwani inaonekana. Ungekuwa na hiyo siku ile tungekuwa tunaongea mengine.

Wifi sasa. Mdogo wangu siku tisa! Kuuza zawadi mimi sioni dhambi, ukishapewa ni yako, na pafyumu inayokuuma kichwa haiwezi kukaa kabatini kama sanamu ya heshima. Ulipokosea ni kumfanya aikute hadharani imeandikwa bei, na kila anayekujua anaiona. Na ukimya wako ndo unazidi kumwambia maneno ambayo hata hukuyafikiria. Lile tangazo liondoe kwanza, halafu mpigie simu, meseji hapana, na usije na uongo wa "akaunti imeingiliwa" wala "nilikuwa naulizia bei tu", wifi siyo mtoto. Mwambie wifi nimekukosea, ile pafyumu nzuri ila kichwa kinaniuma nikiivaa, nikaona haya kukwambia nikafanya la kijinga zaidi. Halafu muulize kama anaitaka yeye. Akiitaka mpelekee mwenyewe kwa mkono. Akisema uza tu, basi uza, lakini siyo kwenye ukurasa ambao ndugu wote wamo. Na zawadi nyingine zote zilizoko kwenye hayo mabegi, maana sidhani ni hiyo moja, zitenge kwanza kabla hujatumiwa skrinshoti nyingine na mama mkwe.

Mabegi ya sebuleni baba watoto ana haki. Soko la Vinted lilianzia Lithuania mwaka 2008, mmoja wa walioanzisha, Milda Mitkute, alikuwa anahama nyumba na nguo zimemzidi, kwahiyo hujaanza wewe. Lakini jiwekee siku, mimi ningejipa wiki sita, kisichouzika hadi hapo kinagawiwa chote na hakirudi kabatini.

Koti. Masoko mengi yanayopokea malipo yenyewe yanaishikilia hela mpaka mnunuzi apokee mzigo, ndo maana unaiona na haitoki, hiyo siyo wizi. Fungua programu mwenyewe uhakikishe oda imeandikwa imelipwa na anwani ni ile ya kwenye oda, siyo aliyokutumia pembeni. Ikiwa sawa, kagua mifuko yote ya koti, utashangaa watu wanasahau nini humo, rekodi video yako, tuma kwa njia yenye namba ya kufuatilia, stakabadhi ipige picha. Una siku chache tu kabla oda haijajifuta na mnunuzi kukuandikia vibaya, na wiki imeshaanza kuisha, kwahiyo simu ya wifi ipige ukiwa njiani kwenda kulituma.

Dada